Ombi la Kutengenezewa Baba wa Kambo Mwovu

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Sinema za Katuni.

(Anwani yenu hupita mbio sana mwishoni mwa sinema. Nimeinakili kwa kusimamisha picha mara tano. Kama barua hii imemfikia mtu mwingine, namwomba radhi na namwomba aifikishe.)

Ndugu Mkurugenzi,

Kuhusu: Kukosekana kwa baba wa kambo mwovu, na madhara yake kwangu binafsi

Pole na kazi. Najua una watu wengi wa kukuandikia, wengi wao wakiwa watoto, kwa hiyo nitajitahidi nisikuchoshe.

Mimi ni fundi friji. Nina miaka arobaini na mmoja, sina ugomvi na mtu, na hii ni barua yangu ya pili ya malalamiko tangu nizaliwe. Ya kwanza ilimhusu jirani aliyeazima bisibisi iliyonyooka akairudisha imepinda, na yule alijibu vizuri tu.

Miaka miwili na miezi minne iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja kutengeneza friji iliyokuwa inavuja maji. Mwenye nyumba ni mjane, dereva wa lori la masafa marefu, na alikuwa na binti mmoja wa miaka sita. Siku ya kwanza nilibadilisha mpira wa mlango wa friji. Siku ya pili nilirudi kuangalia kama mpira umekaa sawa. Siku ya tatu, nakiri mbele yako, friji haikuwa na tatizo lolote. Mwenye tatizo nilikuwa mimi. Tulioana mwaka huohuo.

Binti sasa ana miaka minane. Tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu akiingia sebuleni watu wazima huanza kukaa vizuri. Yeye ananiita Fundi. Siku ile ya kwanza mama yake alimwambia, "Msalimie fundi," naye akanisalimia, "Shikamoo, Fundi," na tangu hapo hakuna aliyemwelekeza vinginevyo. Sidai aniite baba. Baba yake alikuwa naye, picha yake iko ukutani, na anayeipangusa vumbi kila Ijumaa ni mimi. Linaloniuma ni swali. Kila Mheshimiwa akinikuta nimepiga magoti nyuma ya friji, husimama mlangoni pa jikoni, mikono nyuma, akaniuliza, "Fundi, umemaliza?" Nikimjibu nimemaliza, huutazama mkoba wangu wa vifaa, akanitazama mimi, kisha akaenda zake chumbani.

Ndugu Mkurugenzi, mtu akikuuliza hivyo kwa miaka miwili ndani ya nyumba unayolala, unaanza kujihesabu kama mgeni aliyesahau kuaga. Nimetafuta chanzo cha jambo hili kama ninavyotafuta gesi inakovujia, na nimekikuta kwenu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Hatumo. Mheshimiwa ana sinema zenu kumi na moja kwenye flashi aliyoletewa na bibi yake (namna flashi hiyo ilivyopatikana haihusiani na barua hii). Kila Jumamosi alasiri tunatazama moja, yeye kwenye kochi, mimi kwenye kigoda. Nimezoea kuandika kila kitu kwenye daftari la kazi, na matokeo yangu ni kama ifuatavyo. Akina mama wa kambo waovu: tisa. Baba waliofariki kabla ya dakika ya kumi: saba. Baba waliosafiri bila kusema wanarudi lini: wawili. Baba aliyegeuzwa sanamu: mmoja, na sikuona tofauti kubwa kati yake na alivyokuwa kabla. Baba aliyebaki hai mwanzo hadi mwisho: mmoja, ambaye kazi yake ni kukaa kwenye kiti kirefu na kuuliza kelele ni za nini. Baba wa kambo: hakuna. Sisemi baba wa kambo mwema, maana najua mambo mazuri huchukua muda. Nasema hata mwovu hakuna.

2. Upendeleo wa wazi kwa akina mama wa kambo. Mwanamke akishaolewa tu na mwanamume mwenye binti, nyinyi mnampa joho, ngazi ya kushukia, kunguru anayeelewa lugha, na kicheko chake mwenyewe. Anajua aamke saa ngapi na amfanye nini mtoto. Mimi nilipooa nilipewa ufunguo wa mlango wa nyuma na kuonyeshwa sukari inakokaa.

Na msidhani ubaya huo hauna faida. Nyumba ya pili kutoka kwetu anaishi fundi cherehani tunayemwita Mama Mapacha, ingawa mapacha wenyewe aliwakuta. Siku aliyoingia, wale watoto walijifungia bafuni kwa sababu walishatazama sinema zenu na walikuwa wakimsubiri. Basi huyo mama alianzia chini kabisa. Yai moja alilokaanga bila kuweka sumu lilimpandisha. Shati moja aliloshona kifungo likampandisha. Kufikia mwezi wa sita watoto walikuwa wakimng'ang'ania sketi, na leo ukimsema vibaya mbele yao utapigwa mawe. Mimi nimekaanga mayai miaka miwili, Ndugu Mkurugenzi. Hayajanipandisha hata hatua moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniogopa. Fundi kukaanga yai haimshangazi mtu.

3. Mgawanyo wa kazi. Mke wangu ndiye anayesafiri. Huondoka na lori lake siku nne, tano, na mimi ndiye ninayebaki na mtoto. Napiga pasi sare za shule, nasuka nywele (mistari minne najua, sita bado), nakagua kazi za nyumbani. Kwa kanuni zenu wenyewe, mzazi mmoja akisafiri, yule anayebaki na mtoto asiye wake ndiye mama wa kambo. Kwa hiyo kazi ninayo, cheo sina. Nimetafuta katika sinema zote kumi na moja mwanamume anayeshika ufagio na nimewapata watatu, na wote watatu ni panya.

Matokeo yake yanaonekana hadi shuleni. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu alipitisha karatasi ya mahudhurio, na kwenye safu ya uhusiano na mtoto, mtu alikuwa ameshaniandikia "fundi". Baada ya kikao mwalimu mkuu akaniomba niangalie friji ya chumba cha walimu. Niliiangalia. Ilikuwa na barafu nyingi tu nyuma.

4. Nyimbo. Hakuna wimbo hata mmoja unaoimbwa na mwanamume akiwa anaanika nguo. Hili sina maelezo zaidi.

5. Jitihada zangu binafsi, na jinsi zilivyokwama kwa kukosa mwongozo. Mama mkwe wangu aliniambia, "Mwanangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame," nami nikaona kweli, siwezi kukaa nikisubiri kampuni. Kama kuogopwa ndiyo ngazi ya kupendwa, basi nitaogopwa.

Nilianza na ile sinema ambayo binti analazimishwa kung'arisha vitasa mia tatu vya jumba zima. Sisi tuna vitasa vitano. Nilimwamuru Mheshimiwa aving'arishe, kwa sauti nzito. Alimaliza kwa dakika kumi, akarudi kuniomba bisibisi kwa sababu cha chooni kilikuwa kimelegea, akakikaza. Kimekaza vizuri kuliko ninavyokaza mimi.

Jumamosi iliyofuata nilijaribu kicheko. Nyumba yetu haina ngazi ya kushukia, kwa hiyo nilipanda kigoda, nikavaa koti la mvua la mke wangu kama joho, nikacheka. Mheshimiwa alinisikiliza hadi mwisho, akaenda jikoni, akaniletea maji ya kunywa na kuniuliza kama ni tumbo. Mara ya tatu nilimfungia mnarani, yaani nilimwambia akae chumbani kwake hadi nitakapoamua. Alinishukuru, akafunga mlango kwa ndani, na ilibidi nimbembeleze atoke aje kula.

Mke wangu aliporudi safari na kusimuliwa, alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akasema, "Mtoto hana shida na wewe. Wewe ndiye una shida na katuni." Nimemnukuu kwa ajili ya haki, si kwa kuwa nakubaliana naye.

6. Mwana wa mfalme. Sina chuki naye. Ila naomba tutazame ratiba yake. Anaingia dakika ya sabini. Anafanya kazi moja: anakata mwiba, anaua joka, anambusu mtu aliyelala bila kumwuliza. Akimaliza kazi hiyo anaoa, kengele zinalia, na sinema inaisha palepale. Hakuna aliyewahi kutuonyesha Jumatatu yake. Hatujui kama anatandika kitanda. Hatujui kama yule binti alikuwa na mtoto, au mama yake alikuwa na maoni. Mimi niliingia kwenye nyumba ya watu, nikafanya kazi yangu moja, nikaoa, kengele hazikulia kwa kuwa mtaa wetu hauna, lakini watu walipiga vigelegele vya kutosha. Halafu Jumatatu ikafika na sare ilikuwa haijapigwa pasi. Kwa sinema zenu, mwanamume nyumbani ni wa aina mbili tu: yule anayekufa mwanzoni na yule anayefika mwishoni. Katikati hapo, ambako ndiko mimi ninakoishi, hamna mtu.

7. Friji. Hili ndilo kubwa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Friji ileile iliyonileta kwenye nyumba hii haijawahi kupona. Mganga hajigangi, najua, lakini hii imepita kiasi. Mtaani watu wananiletea friji zilizokufa nazifufua, kisha narudi nyumbani nakuta maziwa yameganda kwa kuharibika na siagi inateleza. Nimeijaza gesi mara mbili. Nimebadilisha kompresa. Kuna siku nilikuta kipande cha kadibodi kwenye mpira wa mlango, mlango haufungi vizuri, nikadhani kimedondoka kutoka kwenye boksi la sabuni. Kuna siku nilikuta kile kitasa kidogo cha kuongeza baridi kiko kwenye sifuri, nikadhani ni mtetemo wa kompresa mpya. Kuna siku plagi ilikuwa imelegea kwenye soketi, nikadhani ni lori linapoegeshwa linatikisa ukuta. Nilimwomba mke wangu awe anaegesha mtaa wa tatu, naye kwa miezi miwili amekuwa akitembea na mizigo yake yote hadi nyumbani kwa ajili ya nadharia yangu. Na kila nikipiga magoti kuitengeneza, nasikia nyayo, nageuka, yuko mlangoni. "Fundi, umemaliza?"

Wiki iliyopita nilipitia daftari la kazi, nikaona jambo lililonifanya nikae chini. Friji hii huharibika Jumapili asubuhi. Siku zote Jumapili. Na Jumamosi alasiri ndiyo tunatazama sinema zenu. Jumamosi mbili ambazo umeme ulikatika hatukutazama, na Jumapili zake friji iligandisha hadi maji yakapasua chupa. Mimi ni fundi, siamini mazingaombwe. Lakini ushahidi ni ushahidi: Ndugu Mkurugenzi, sinema zenu zinaniharibia friji. Sijui kama ni televisheni inayovuta umeme wakati wa nyimbo au ni nini. Ninachojua ni kwamba mwanamume ambaye hana cheo nyumbani, akishindwa na friji pia, amebaki na nini?

Kwa sababu hizo zote, naomba yafuatayo:

(a) Mtengeneze sinema moja yenye baba wa kambo mwovu. Mwovu wa kweli, wa kuwafanya watoto wajifungie bafuni. Ikiwezekana awe fundi wa barafu, anayeishi kwenye pango lenye baridi, na mkoba wa vifaa usijulikane ndani una nini.

(b) Apewe wimbo, wa sauti nzito, na kunguru. Kama kunguru wote wana kazi, nitaridhika na paka.

(c) Mwishoni asitupwe kwenye korongo kama wenzake wanawake wanavyotupwa. Sare za Jumatatu atapiga pasi nani?

(d) Wakati sinema inachorwa, mnitumie cheti chenye mhuri kinachoeleza kwamba mwenye cheti hiki ni baba wa kambo kamili na si mtu aliyekuja mara moja. Nitakitundika jikoni, usawa wa macho ya mtoto wa miaka minane.

(e) Mkikosa sura ya kuigiza, natoa yangu bure. Nimeambatisha picha mbili nikiwa na koti la mvua, moja ya mbele na moja ya ubavu. Kigoda kinaonekana kidogo, mnaweza kukikata.

Nisalimie wachoraji wote, hasa yule anayechora nywele zikipeperuka ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, maana ile ni kazi. Nisalimie wanaowapa sauti akina mama wa kambo, waambie wanatisha kweli. Mke wangu anawasalimu kutoka barabarani, mama mkwe anawasalimu, Mama Mapacha anawasalimu lakini bado ana kinyongo kidogo. Mheshimiwa naye angewasalimu kama angejua ninawaandikia.

Wako katika kusubiri ubaya,

Fundi
(baba wa kambo, bila cheti)

Nyongeza. Ndugu Mkurugenzi, naomba usifanye lolote kati ya hayo niliyoomba. Ningeandika barua upya, ila karatasi zimeisha, na Mheshimiwa anasema ni uongo kumtumia mtu barua safi wakati uliandika nyingine.

Ilikuwa hivi. Leo Jumapili, baada ya chai, nilimwomba gundi ya kufungia bahasha. Akataka kujua ni ya nini, kisha akataka kuisoma. Aliisoma amesimama, mgongo wake kwenye mlango wa friji, bila kucheka hata pale kwenye kigoda. Alinisahihisha kwamba panya wenye ufagio ni wanne, mmoja yuko nyuma ya pipa. Alipofika namba sita alianza kusoma polepole. Namba saba hakuimaliza. Alienda chumbani, akarudi na kile kikopo chake cha penseli, akakimimina mezani. Kulikuwa na vipande vya kadibodi, vingi, vimekunjwa vizuri kwa ukubwa mmoja, na skrubu mbili za kompresa ya zamani nilizozitafuta mwaka mzima.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema siku ile ya kwanza mama yake alimwambia asinisumbue, fundi akimaliza kazi ataondoka. Halafu akaanza kutazama sinema, na zote zikawa hivyohivyo: mtu anakuja, anafanya kazi yake, akimaliza tu, inaisha. "Sasa nikaona," akasema, akikitazama kikopo na si mimi, "afadhali usimalize." Kila Jumamosi ilimkumbusha. Kila Jumapili alihakikisha. Na lile swali lake la mlangoni, lililonikosesha usingizi miaka miwili, halikuwa la kunifukuza. Alikuwa ananichunga.

Nililia, Ndugu Mkurugenzi. Sioni aibu kuandika hivyo, na nadhani hilo nalo hamjawahi kulichora.

Baadaye nikapiga magoti nyuma ya friji, nikakirudisha kitasa mahali pake, nikafuta mpira wa mlango, nikachomeka plagi hadi mwisho. Ikaanza kunguruma vizuri kuliko siku zote. Nikasikia nyayo. Alikuwa mlangoni, mikono nyuma, macho yamemvimba kidogo.

"Fundi, umemaliza?"

Nikanyoosha mkono, nikachomoa plagi, nikamwambia, "Bado."